Upungufu wa Damu kwa Mabinti Waliovunja Ungo

Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu, Shinyanga, mbele ya mabinti, wazazi na majirani, wakati wa maadhimisho ya mwaka



Akina mama wa hekalu hili waliponialika walinipa uhuru wa kuchagua mada. Nimechagua jambo ambalo si desturi kulitaja hadharani, achilia mbali kulitaja mbele ya akina baba. Hata hivyo nimewaomba akina baba wasitoke. Sehemu ya dawa ya ugonjwa ninaouzungumzia imo katika sahani zao, na nitafika huko.

Kiswahili kina neno la zamani, safura. Wazee walilitumia kwa mtu aliyepauka, aliyevimba uso, anayehema kwa hatua chache, na mara nyingine anayetamani kula udongo. Minyoo inayonyonya damu utumboni imebaki na jina hilo hadi leo. Siku hizi twasema upungufu wa damu, na jina hili jipya, kwa maoni yangu, lapotosha kidogo, kwani humfanya msikilizaji adhani kwamba damu imepungua mwilini kama maji katika ndoo. Kinachopungua ni ile rangi nyekundu iliyomo ndani ya chembe za damu, iitwayo hemoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuifikisha kwenye misuli, moyo na ubongo. Rangi hiyo haitengenezwi bila madini ya chuma. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka: msichana aliyetimiza miaka 12, asiye mjamzito, akipimwa na kukutwa chini ya gramu 12 katika kila desilita ya damu, huyo ana upungufu.

Ni wangapi? Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 uliwakuta na upungufu wanawake 42 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Utafiti uliotangulia, wa 2015 na 2016, uliwakuta 45. Katika miaka saba tumeokoa watatu. Na wazee wa jumuiya hii wasidhani kwamba jambo hili ni la majirani tu: huko India walikotoka babu zenu, utafiti wa taifa wa 2019 hadi 2021 uliwakuta mabinti 59 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19. Ukumbi huu una mabinti wa Kisukuma, wa Kigujarati, na wa makabila mengi yaliyofuata pamba, almasi na dhahabu. Kwa jambo hili wote wako katika hesabu moja.

Kwa kuwa wengi wenu hapa ni wafanyabiashara, niruhusuni nitumie lugha ya duka. Mwili wa binti una daftari la chuma. Kila siku, hata asipofanya lolote, hupoteza kama miligramu 1 kwa njia ya ngozi na utumbo. Kwa mwezi ni 30. Akishavunja ungo, huongezeka matumizi mapya. Hedhi ya kawaida ni kama mililita 30 hadi 40 za damu, yaani vijiko vya mezani viwili au vitatu. Si nyingi. Lakini kila mililita 2 za damu hubeba takriban miligramu 1 ya chuma, hivyo hedhi ya mililita 40 huondoka na miligramu 20. Jumla ni 50 kwa mwezi. Na bado hatujahesabu kwamba binti wa miaka 13 au 14 anarefuka, anaongeza misuli, anaongeza damu yenyewe, na vyote hivyo vinadai chuma.

Sasa tazameni mapato. Chuma kilichomo katika nafaka, kunde na majani huingia mwilini kwa shida: aghalabu hata sehemu 10 katika kila 100 hazifiki. Chuma cha nyama, maini na samaki huingia kwa wepesi zaidi, mara kadhaa. Binti anayekula ugali na mlenda, au chapati na viazi, anaweza kushiba kila siku na daftari lake likasomeka hasara kila mwezi.

Hasara hiyo haionekani upesi. Mwili una ghala la akiba, na huchota humo kwanza. Duka huendelea kuwa wazi, taa zinawaka, wateja wanahudumiwa, na huku nyuma ghala linakwisha. Hemoglobini hushuka mwishoni kabisa. Ndiyo maana binti huweza kuchoka, kuumwa kichwa na kusahau masomo miezi mingi kabla ya kipimo cha kawaida kusema lolote.

Na katika miezi hiyo huitwaje? Huitwa mvivu. Nimefanya kazi ya ukunga katika mkoa huu na mkoa jirani wa Geita kwa miaka mingi, na neno hilo nimelisikia kutoka kwa wazazi wa kila dini na kila kipato. Analala darasani, mvivu. Anaketi njiani akitoka kuchota maji, mvivu. Hataki kucheza garba hadi mwisho wa usiku kama wenzake, ana maringo. Kabla ya kumpa binti jina hilo, mvute kope ya chini ya jicho utazame ndani yake. Usitazame uso, kwa maana uso mweusi na uso mweupe vyote hudanganya. Ndani ya kope panapaswa kuwa pekundu. Pakiwa peupe kama karatasi, au viganja vikiwa hivyo, au moyo ukimdunda kwa kupanda ngazi chache, mpelekeni akapimwe. Lakini kope yenye wekundu isiwape amani kupita kiasi. Jicho hukosea, kipimo cha tone la damu kidoleni ndicho husema kweli.

Nije kwenye hedhi yenyewe. Miaka miwili au mitatu ya mwanzo mzunguko wa binti huwa haujatulia. Anaweza kukosa miezi miwili, kisha akatokwa na damu siku kumi. Kwa kuwa hana wa kumlinganisha naye, hudhani ndivyo ilivyo kwa wote. Mama naye hajui, kwa sababu hakuuliza, na hakuuliza kwa sababu hata yeye hakuulizwa. Basi, mabinti, sikilizeni. Hedhi ikizidi siku saba; taulo ya kike au kitambaa kikilowa kabisa ndani ya saa moja au mbili; mkilazimika kuamka usiku kubadilisha; mkiona mabonge yanayozidi ukubwa wa sarafu: hiyo ni nyingi kupita kiasi, na ina tiba. Wekeni alama ndogo kwenye kalenda, siku ya kwanza na ya mwisho. Hakuna atakayeielewa ila ninyi, na mganga atakapouliza mtakuwa na jibu. Pia ulizeni kama mama, shangazi au kaka katika ukoo hutokwa na damu bila kukoma wakijikata au waking'olewa jino, kwa kuwa zipo familia ambazo damu yao haigandi vizuri, na mara nyingi hedhi ndiyo hulifichua jambo hilo kwanza.

Lakini hata hedhi iliyo ya kawaida hulimaliza ghala pale jiko linapoisaidia. Na jikoni mshtakiwa wangu wa kwanza ni chai.

Najua nazungumza katika nyumba ambamo chai ya maziwa yenye viungo ni nusu ya ukarimu, na majirani zetu nao waliijifunza wakaipenda. Sisemi muiache. Nasema isikae mezani pamoja na chakula. Majani ya chai yana kitu kinachoshikamana na chuma cha mimea tumboni na kukitoa nje, hata zaidi ya nusu ya chuma kilichokuwemo kikapotea. Maziwa nayo yana kalisi inayozuia chuma kwa njia yake. Kikombe kimoja cha chai ya maziwa juu ya chapati na dengu ni milango miwili iliyofungwa kwa wakati mmoja. Isogezeni saa moja au mbili mbali na mlo. Mahali pake wekeni ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga, pera, chungwa, au juisi ya ubuyu, ambao katika mkoa huu hauna uhaba. Vitu hivi vikali hufungua kile ambacho chai hufunga, na havigharimu zaidi ya chai.

Mshtakiwa wa pili ni mgawanyo. Shinyanga ni mkoa wa ng'ombe. Minada ya Tinde na Mhunze haikosi mifugo. Geita ina ziwa, na dagaa hufika katika kila soko. Katika nyumba zinazokula nyama, firigisi ni ya baba, maini ni ya baba na mgeni, na binti aliye katika siku zake, aliyetoka kupoteza chuma, hupata mchuzi. Hilo ndilo nililowabakishia akina baba wasikilize. Sijaja kuvunja heshima ya nyumba ya mtu. Naomba tu kwamba mara moja kwa juma kipande cha ini kitoke sahani ya baba kwenda sahani ya binti, na kitoke kwa mkono wa baba mwenyewe, ili asijione anaiba.

Kwa nyumba zisizokula nyama, ambazo ni nyingi katika jumuiya hii, kazi ni ngumu zaidi lakini si ya kukatisha tamaa. Wilaya ya Kishapu na jirani zake hulima dengu na choroko, na nyingi husafirishwa hadi India. Mara nyingine nafikiri kwamba dal iliyoko Ahmedabad imepita mbele ya mlango wa mkulima ambaye binti yake hakuionja. Dengu na choroko ziloweshwe usiku, na choroko zioteshwe siku moja au mbili kama bibi zenu walivyozoea. Kuotesha huondoa sehemu ya kile kinachozuia chuma. Mkate wa uwele, rotlo yenu, una chuma kuliko mkate mweupe, na uwele twaulima hapa hapa. Majani ya kunde yaliyokaushwa, mchicha, mlonge, majani ya uwatu, vyote viliwe na kitu kikali. Na rudisheni karai la chuma. Kiswahili kimelipokea neno karai kutoka Bara Hindi pamoja na chombo chenyewe, kisha sote tukakimbilia sufuria za aluminiamu. Utafiti uliofanywa Ethiopia na kuchapishwa 1999 uliona kwamba watoto waliopikiwa katika vyungu vya chuma walipata damu zaidi kuliko waliopikiwa katika aluminiamu. Mchuzi wenye nyanya au ukwaju ukichemka katika karai huvuta chuma kidogo kutoka katika chombo.

Unga wa viwanda vikubwa, kwa kanuni za nchi zilizowekwa 2011, unatakiwa kuongezwa chuma na foliki. Someni mfuko. Mahindi tunayosagisha wenyewe kwenye mashine za mtaani hayana nyongeza hiyo.

Nisiseme hata hivyo kwamba kila damu iliyopungua imepungua kwa chakula. Kanda yetu ya Ziwa ina malaria, ambayo huvunja chembe za damu. Ina kichocho, katika malambo, mabwawa na ziwa lenyewe. Ina minyoo ya safura kwa wanaotembea peku. Na ina selimundu. Watafiti waliopima watoto wachanga wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, kwa kushirikiana na Hospitali ya Bugando, walikuta karibu mtoto mmoja katika kila watano amebeba asili ya selimundu, na zaidi kidogo ya mmoja katika 100 ana ugonjwa wenyewe. Mwenye selimundu hana damu ya kutosha kwa sababu chembe zake huvunjika mapema, na kumpa chuma bila kupima huweza kumdhuru, hasa kama amekwisha kuongezewa damu mara nyingi. Ndiyo maana sipendi kuona vidonge vya kuongeza damu vikinunuliwa dukani kwa kukisia.

Kuhusu udongo. Upande wa Geita, na hapa pia, sokoni huuzwa vipande vya udongo vinavyoitwa pemba. Hamu ya kula udongo mara nyingi ni sauti ya mwili unaodai chuma, na udongo wenyewe humzidishia mlaji dhiki kwa kuzuia kile kidogo alichokula. Utafiti uliochapishwa 2014, uliofanywa kwa wajawazito wa maeneo ya wachimbaji wadogo wilayani Geita, ulikuta karibu nusu yao wakila udongo, na udongo ule ulipopimwa ulikuwa na aseniki pamoja na metali nyingine. Binti akikutwa na udongo mfukoni asipigwe. Apimwe.

Sasa niseme kwa nini nimeharakia mabinti na sikuja kuwazungumzia wajawazito, ambao kliniki huwapa vidonge. Katika makazi ya wachimbaji, Nyarugusu, Rwamgasa, Katoro, na huku kwetu Kakola, binti huanza kazi mapema: anauza chapati na chai kwenye mialo, anachota maji, anabeba mawe. Na wengi huitwa mama mapema. Kwa nchi nzima, utafiti ule wa 2022 uliwakuta wasichana 22 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wamekwisha kupata mimba. Nitasimulia la mmoja, bila jina wala mahali. Alikuwa na miaka 17. Alijifungua salama, mtoto akalia vizuri. Kisha akatokwa na damu. Haikuwa damu ya kutisha. Mwanamke mwenye akiba angeketi siku ya pili akanywa uji. Yeye hakuwa na akiba. Bibi yake ndiye anayemlea mtoto.

Vidonge alikuwa amepewa, na alikuwa akivimeza. Lakini alianza kliniki akiwa na mimba ya miezi sita, na ghala lililokuwa likichotwa tangu alipovunja ungo halijazwi kwa miezi mitatu huku mtoto tumboni naye akichota. Ghala hujazwa katika miaka ya shule, binti akiwa na miaka 12, 13, 14, na bado hakuna anayemdai ila mwili wake. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mahali ambapo wanawake 40 au zaidi katika kila 100 wana upungufu, mabinti na wanawake wapewe chuma kila siku kwa miezi mitatu mfululizo katika mwaka. Na mahali penye malaria, hayo yaende pamoja na kuzuia na kutibu malaria. Takwimu yetu ya 42 imo ndani ya mpaka huo. Watakaoandikiwa vidonge wajue mapema kwamba choo kitakuwa cheusi, na kwamba hilo si ugonjwa. Kwamba tumbo huweza kusokota. Na kwamba havimezwi kwa chai wala maziwa. Wengi huviacha juma la pili kwa sababu hakuna aliyewaambia hayo.

Yamebaki mawili, na yote yanagusa desturi, kwa hiyo nitasema kwa adabu.

La kwanza ni mfungo. Mabinti wengine hapa hufunga Gauri Vrat siku tano bila chumvi, na wengi hufunga Navratri siku tisa. Kwa ninavyofahamu, wazee wa dini wenyewe humsamehe mgonjwa. Binti aliyepimwa akakutwa chini ya 12 ni mgonjwa, hata kama anatembea. Naomba mama zao wawaulize mapandit kabla ya msimu, wasisubiri binti aanguke katikati ya duara la garba.

La pili ni siku zenyewe za hedhi. Zipo nyumba ambamo binti haingii jikoni wala mahali pa ibada siku hizo, na zipo nyumba za majirani ambamo hachumi mboga kwa hofu kwamba zitakauka. Sikuja kuhukumu nyumba ya mtu. Lakini nimeona desturi hizi zikimfanya binti ale baadaye, ale peke yake, na ale kilichobaki. Kama desturi ya nyumba yenu ni kumpumzisha, basi pumziko liwe kamili: aletewe alipo sahani ya kwanza, iliyojaa dengu na mboga na ndimu pembeni, kabla ya kaka zake kuketi.

Wauguzi wawili wameandaa meza kwenye veranda ya kaskazini. Kipimo ni tone moja la damu, majibu hutoka papo hapo, na huandikwa katika karatasi atakayopewa binti mwenyewe mkononi. Hayatasomwa kwa sauti. Walio chini ya miaka 18 waende na mzazi au mlezi. Chai, nimewaomba wenyeji wetu, itaandaliwa saa moja baada ya chakula. Mabinti watangulie, mama zao wafuate, na akina baba wanaotaka kujua hesabu zao nao wanakaribishwa.